Kioo Tukisage Wenyewe

Hotuba niliyoitoa kwenye mkutano wa mwaka wa kikundi chetu cha watazama nyota, nje kidogo ya mji wa Dodoma. Nimeiandika kama nilivyoisema, nikaacha tu pale nilipokohoa na pale umeme ulipokatika.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu, kina mama, vijana. Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Na ninyi watoto mliokaa mkekani pale mbele, hamjambo?

Nimepewa dakika ishirini, na Mwenyekiti ameziweka kabla ya chai na vitumbua, si baada. Ananijua.

Ajenda inayofuata ni ya fedha. Tumechanga kwa miaka miwili, na hela iliyopo inatosha kuagiza darubini moja kutoka nje, ile yenye mota: unabonyeza jina la sayari, nayo inajigeuza yenyewe mpaka ilipo. Najua wengi mmeshaipenda. Picha yake imezunguka kwenye simu zenu mwezi mzima kama picha ya bibi harusi. Nimeomba niseme kabla mikono haijanyooshwa, kwa sababu mimi nasema tusiinunue. Tununue vioo viwili vinene na mchanga wa kusagia, tusage kioo cha darubini, kile kinachokusanya mwanga badala ya lenzi, sisi wenyewe, hapa hapa, juu ya pipa.

Nasikia mnacheka. Subirini kwanza.

Kwa wageni wasionijua, mimi ni mkerezaji. Miaka 34 nimesimama kwenye mashine ya kukereza vyuma nikitengeneza shafti, bushi na pini za matrekta ya watu. Nyota sikuzisomea popote. Kilichonivuta ni Rujewa, kule Mbarali, tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa kipete, yaani mwezi ulilifunika katikati likabaki pete. Nilikwenda na kioo cha kuchomelea namba 14, maana cha chini ya hapo ni cha kukuunguza jicho, na kioo hicho kimoja kilipita mikononi mwa watu wengi sana mchana ule. Zamu yangu ilipokwisha nikakaa chini ya mwarobaini. Nikatazama ardhi. Mnajua vile vidoa vya mwanga vinavyopenya kwenye majani? Kila kidoa kilikuwa pete. Chini ya mti mzima ni pete tupu, kubwa na ndogo, zimelaliana, kama sonara amekwaa akamwaga kapu lake. Kila tundu kati ya majani mawili lilikuwa limeshusha sura ya jua mavumbini, bila lenzi wala umeme. Nilirudi Dodoma na wenzangu watatu kwenye basi moja, na hatukuzungumza kingine njia nzima. Hao wanne ndio mwanzo wa kikundi hiki.

Kibanda chetu mnakijua. Tofali za saruji, mita tatu kwa tatu, paa la bati linalotembea juu ya vyuma vya engo kwa magurudumu ya geti. Mwaka wa kwanza paa lilikuwa halina makomeo. Nani alilichora bila makomeo? Ni huyu aliyesimama mbele yenu. Upepo wa Agosti wa hapa haubishi hodi. Usiku mmoja ulilisukuma paa mpaka mwisho wa reli, ukalinyanyua na kulilaza kwenye mabua ya uwele ya jirani yetu. Asubuhi jirani alikuja kutuuliza kwa upole kama zile bati sasa ni zake. Leo lina makomeo manne, na jirani ni mwanachama.

Usiku wa kwanza tulipofungua mlango kwa watu wote, kijana mmoja aliniuliza kama darubini inaweza kumsaidia kwenye mkeka wake wa kubeti wa Jumamosi. Sikumlaumu. Katika Kiswahili chetu mnajimu ni mtu wa kukusomea bahati, kwa hiyo ukitundika tangazo la mambo ya nyota, ujiandae kwa wateja wa aina hiyo. Lakini usiku uleule alikuja bibi mmoja anayeuza karanga stendi, amejifunga kanga mbili kwa baridi. Tulikuwa na ile darubini ndogo ya kuazima, lenzi ya sentimita saba, haina mota, imesimama kwenye miguu mitatu inayotetemeka mtu akipiga chafya. Imeelekezwa kwa Zohali, ile sayari yenye pete. Bibi akainama, akafumba jicho lisilotakiwa, akanyamaza muda. Kisha akainuka, akazunguka mbele ya darubini, akachungulia mdomoni mwake aone kama tumebandika picha. Akarudi. Akatazama tena. Akasema, “Kumbe inatembea.”

Hilo neno mimi sijalisahau. Kwa ukuzaji wa mara mia, sayari hukaa ndani ya duara la jicho la darubini dakika mbili hivi, kisha inatoka pembeni, na lazima uisogeze darubini uifuate. Anayetembea si Zohali. Ni sisi, dunia inazunguka na bibi yuko juu yake. Yule mama aliiona dunia inazunguka kwa jicho lake, kwa sababu darubini haikuwa na mota. Ile ya kuagiza ingemfichia. Angeona picha imetulia tuli, na angeendelea kuamini kwamba tumeibandika.

Sasa niwapeleke mbali kidogo, Springfield, jimbo la Vermont, Marekani. Si mji mkubwa. Ulikuwa mji wa viwanda vya mashine, watu wa makerezo na skrubu, watu kama mimi. Mwaka 1919 alirudi pale mzaliwa wa mji, Russell Porter. Huyu alisomea usanifu wa majengo, kisha akaenda na misafara ya kutafuta Ncha ya Kaskazini mara kadhaa, akichora na kupima ramani. Huko nyuma alikuwa amejifunza kutengeneza darubini kwa mikono yake. Aliajiriwa kwenye kiwanda kilichoongozwa na James Hartness, mvumbuzi aliyekuwa na darubini yake nyumbani, na ambaye kati ya 1921 na 1923 alikuwa gavana wa jimbo lile. Pale kiwandani Porter alishiriki kutengeneza chombo cha kutupa kivuli cha meno ya skrubu ukutani, kimekuzwa, ili fundi aone kosa lake. Wakerezaji mliomo humu mnajua kitu kama hicho kingetuokolea ugomvi kiasi gani na wenye matrekta.

Mwaka 1920 Porter aliwaambia watu wa mji: anayetaka darubini aje nimfundishe kuitengeneza. Wakaja wanaume 15 na mwanamke mmoja, wengi wao wa viwandani. Wakasaga vioo. Desemba 1923 wakaunda chama chao, na 1924 wakajijengea nyumba juu ya kilima nje ya mji, wakaipaka rangi ya waridi, wakaiita Stellafane, maana yake hekalu la nyota. Mwaka 1925 mhariri wa jarida la Scientific American, Albert Ingalls, alikwenda kuwatembelea, akaandika, na kutoka hapo watu wa Marekani nzima wakaanza kusaga vioo kwenye stoo zao na vyumba vya chini ya nyumba. Mkutano wao wa kwanza wa kukaribisha wageni, 1926, ulikuwa na watu kama 20, wachache kuliko sisi leo. Mkutano huo upo mpaka sasa, hufanyika wakati wa kiangazi chao, na watu hupiga mahema kilimani na darubini walizotengeneza. Porter mwenyewe alichukuliwa kwenda California mwaka 1928, kusaidia kuchora darubini ya Palomar, yenye kioo cha kipenyo cha mita tano. Alianza na wafanyakazi wa kiwanda na kioo cha kubeba kwapani.

Chama kile kilikuwa na sharti ambalo ningependa tuliibe. Ili uwe mwanachama kamili, ilikubidi usage kioo chako, na kioo kikubalike.

Kwa nini sharti kali hivyo? Nitawaeleza kwa kazi yenyewe.

Unachukua vioo viwili vya duara, kipenyo sentimita 15. Kimoja unakilaza juu ya pipa lililojazwa mchanga lisitikisike. Unanyunyiza mchanga wa kusagia, ule mweusi mgumu, ndugu wa ile dawa ambayo mafundi magari husagia valvu. Unatia maji kidogo, unalaza kioo cha pili juu, unasukuma mbele na kurudi. Baada ya misukumo michache unakigeuza kioo kidogo mikononi, unasogea hatua moja kulizunguka pipa, unaendelea. Basi. Hakuna mashine. Cha juu kinaanza kubonyea katikati na cha chini kinatuna, kwa sababu ya vile kioo cha juu kinavyoning'inia ukingoni kila unaposukuma. Sauti yake mwanzoni ni kama mtu anatafuna mchele wenye mchanga, na kadiri mchanga unavyosagika ndivyo inavyolainika, mpaka unajua kwa sikio kwamba ni wakati wa kuongeza.

Na kibonyeo chenyewe ni kidogo kiasi gani? Kwa darubini ya urefu wa mita moja na sentimita 20, katikati ya kioo kunabonyea milimita moja na ushee. Unene wa kadi moja na nusu ya benki. Ukishafika hapo unabadili mchanga, laini zaidi, kisha laini zaidi, na kati ya hatua na hatua unaosha kila kitu, mpaka kucha. Punje moja ya mchanga wa jana ikibaki kwenye kazi ya leo, unakwaruza kioo na kurudi nyuma wiki nzima. Mwisho unang'arisha kwa lami ngumu na unga mwekundu, ule unga wa kutu ya chuma.

Halafu ndipo mkerezaji anaponyenyekea. Sisi tunajisifu kwa sehemu moja ya mia ya milimita. Mikromita yangu inasoma hapo, na nikimkabidhi mteja shafti iliyofika hapo, natembea kifua mbele. Kioo cha darubini kinataka usahihi zaidi ya mara mia ya huo. Mtapima kwa nini? Kwa taa yenye tundu la sindano na wembe. Wembe wa kunyolea, wa dukani. Mfaransa Léon Foucault alionyesha njia hiyo mwaka 1858 na hatujapata sababu ya kuiacha. Unaweka taa mbele ya kioo, umbali wa mita mbili na sentimita 40. Mwanga unakwenda, unarudi, unakutana mahali pamoja, na pale pale unaukata kwa wembe polepole huku jicho liko nyuma yake. Kioo kizima kinageuka kijivu, na makosa yake yanasimama kama milima na mabonde yanayopigwa na jua la jioni. Ukigusa kioo kwa kidole gumba nusu dakika kisha ukatazama, utauona uvimbe pale ulipogusa, kioo kimevimba kwa joto la mkono wako. Unakaa, kinapoa, uvimbe unaondoka.

Mtu aliyeona hilo kwa jicho lake hataogopa darubini maisha yake yote.

Nasema kuogopa kwa sababu nimeona woga unafanya nini. Zamani niliitwa shule moja, sitaitaja, kutazama darubini waliyopewa zawadi. Ilikuwa stoo. Ufunguo wa stoo alikuwa nao mwalimu mmoja, naye alishahamishwa, kwa hiyo kazi yangu ya kwanza ilikuwa kukata kufuli. Ndani nikakuta sanduku, na ndani ya sanduku darubini nzuri kuliko yoyote niliyowahi kushika, bado na plastiki yake. Nyigu wamejenga udongo kwenye bomba. Kwenye lenzi kumeota ukungu kama mizizi ya mpunga. Hakuna mtu aliyeivunja, maana hakuna aliyeigusa. Walimu waliniambia kwa nia njema kabisa: tuliifungia isiharibike.

Hiyo yenye mota tukiinunua, nawaambia tutaifungia isiharibike. Nitakuwa wa kwanza kupendekeza kufuli. Bodi yake ya umeme ikiungua kwa umeme wetu huu, nani humu ataitengeneza?

Kuna jingine, la mahali tulipo. Springfield wako nyuzi 43 kaskazini mwa ikweta. Nyota ya Kaskazini, ambayo anga yao yote inaizunguka, wanaiona juu angani nusu ya njia. Sisi tuko nyuzi sita kusini. Kwetu nyota hiyo iko chini ya upeo, haionekani. Vile vikalio vya darubini vilivyotengenezwa kwa watu wa kaskazini, vyenye mhimili wa kuelekezwa kwenye ncha ya anga, kwetu vinatakiwa vilale karibu chali, na vingi skrubu yake haifiki huko. Nimeshakatia mwenzetu mmoja wa Kondoa chuma cha kikalio chake ili kilale, na bado kinaning'inia kama mlevi.

Jibu lilishapatikana, na aliyelipata alikuwa mtawa. John Dobson aliishi kwenye nyumba ya watawa wa Vedanta, wa imani ya Kihindu, huko California, akitengeneza darubini kwa siri kwa vioo vya madirisha ya meli, mabomba ya karatasi ngumu na mbao. Mwaka 1967 wakamtoa, kwa sababu mtu wa nyota usiku haonekani kwenye sala. Akaziweka darubini zake barabarani na kuwaita wapita njia. Kikalio chake ni sanduku tu: linazunguka kushoto na kulia, bomba linapanda na kushuka. Halijali uko nyuzi ngapi. Seremala yeyote wa pale Majengo atakutengenezea.

Na msidhani anga yetu ni ya kusikitikiwa. Msalaba wa Kusini watu wa Springfield hawajauona kutoka kilimani kwao hata siku moja. Lile fundo la nyota la Omega Centauri, kubwa kuliko mafundo yote ya aina yake katika Njia Nyeupe, kwao halichomozi kabisa. Kwetu linapanda juu usiku wa Mei, na kioo cha sentimita 15 kinakusanya mwanga zaidi ya mara mia nne ya jicho tupu. Kilimia chenyewe, ambacho babu zetu walikiangalia wajue lini washike jembe, ukikitazama kwa kioo hicho ni makumi ya nyota. Mababu walihesabu sita, saba.

Sasa yale ambayo mtaniuliza wakati wa chai, niyajibu mapema.

Je, tutaokoa hela? Kidogo, pengine hata kidogo hicho kisiwepo. Vioo vilivyosagwa tayari vya China vina bei nzuri, na anayetafuta unafuu akanunue, sitamkasirikia.

Je, tutamaliza lini? Anayeanza huhitaji makumi ya saa, na sisi tutakutana Alhamisi na Jumamosi tu. Mwaka, naweza kusema. Ninayo tarehe kichwani: 2 Agosti 2027 jua litapatwa kabisa kusini mwa Hispania, Luxor kule Misri, na pia Jeddah na Makka, na pale Luxor giza litazidi dakika sita. Hapa kwetu litamegwa tu. Lakini watu watakuja kibandani siku hiyo, na ningependa tuwe na kitu cha kuwatupia sura ya jua kwenye karatasi nyeupe, tusigombee kioo kimoja cha kuchomelea.

Je, kioo kitang'aa vipi, si kioo tu? Swali zuri. Kioo kikimalizika lazima kipakwe fedha au alumini. Alumini inataka chumba kisicho na hewa, hatuna. Fedha mtu anaweza kupaka mwenyewe: nitrati ya fedha, amonia na sukari. Ndivyo walivyofanya Springfield. Hapa sifanyi utani tena. Mchanganyiko huo ukiachwa ukae, unaweza kulipuka. Unatengenezwa, unatumika, unamwagwa palepale. Kazi hiyo haifanywi na mimi, wala na kijana aliyeona video. Tunaye humu mama aliyefanya kazi maabara miaka mingi, amekubali kuisimamia kwa masharti yake, na sharti la kwanza ni kwamba mimi nisiwepo chumbani. Na fedha itafifia, tutaipaka tena baada ya muda. Hilo ndilo gharama halisi ya ninachokiomba.

Pendekezo langu basi, Katibu aliandike. Hela iliyopo inunue vioo jozi tatu, mchanga, lami, na mbao za sanduku. Kinachobaki kikae. Jozi ya kwanza ni ya kikundi. Ya pili wasage wanafunzi. Ya tatu ni akiba, kwa sababu tutavunja. Na ufunguo wa kibanda usikae tena kwangu. Nimeuweka mfukoni miaka yote hii, na mara mbili mmekuja usiku mkakuta nimesafiri, mkarudi. Uwe na nakala nne, kwa watu wanne, na angalau mmoja awe chini ya miaka ishirini.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nimeona pia kupitia dirishani kwamba wingu limefunguka upande wa Kongwa, kwa hiyo chai inywewe na vikombe mkononi, tutoke. Paa lile linataka watu wawili, mmoja kila upande, wasukume kwa pamoja. Gurudumu la kulia lina pancha ya beringi, litalia, msiogope. Vidole mbali na reli, tafadhali. Watoto mkae nyuma mpaka nimefunga komeo la nne.